Friji Iliyopelekwa Iftin

Abdihafid,

Maziwa ya ngamia yako kwenye dumu, nimelizungushia gunia lililolowa maji. Yanywe kabla ya adhuhuri, yataganda. Hibo anatoka duksi, kusoma Kurani, saa sita, umchukue wewe.

Asubuhi alikuja mdai wa duka la vyombo vya umeme. Eti nina miezi minne sijalipia friji. Nikamwambia, "Chungulia jikoni, ndugu." Akachungulia, akaona gunia. "Wallahi mama, hakuna friji hapa." Nikaomba karatasi zake. Mdaiwa ni mimi, kwa namba ya kitambulisho changu ulichoazima ili uandikishe laini ya simu. Aliyetia sahihi ya kuipokea ni Hinda, mke wako mdogo, kule Iftin.

Nimeandika barua ya kulikana deni, naipeleka dukani sasa. ~~Nitawaonyesha nyumba ya Hinda.~~ Nyumba yake utawaonyesha wewe. Wanarudi hapa saa kumi.

Uliahidi mbele ya wazee kwamba kitu kikienda kwake, kitakuja na kwangu. Kwangu limekuja deni.

Nilimuuliza yule mdai rangi ya friji. Nyekundu. Ndiyo ile niliyokuonyesha mimi dukani, nikikuomba uninunulie.

Mama Hibo