Niliwaficha Watafiti Shida Zangu, Sasa Wanataka Niwe Mfano

Mpendwa Mama Mshauri, naomba unisaidie, na kabla hujaanza kunisaidia nakuruhusu ucheke, maana huku Inyonga wameshacheka wote isipokuwa mke wangu Matilda, na yeye hacheki kwa sababu ndiye aliyebeba viti.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na ninalea wapwa zangu wawili tangu dada yangu alipofariki kwa uzazi na baba yao akarudi kwao Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, tusimsikie tena. Dieudonne yuko darasa la kwanza, na Joséline ndiyo kwanza anatembea, tena anatembea kwa kupumzikapumzika kama kikongwe, kwa sababu kwangu tunakula ugali na kisamvu, na siku ikiharibika ugali na chumvi. Tumbaku ya msimu uliopita ilinyeshewa ikaozea bandani, na tangu hapo watu hawashonishi nguo, wanaleta za kutia viraka.

Basi mwaka huu wa tisini na sita, kiangazi kilipoanza, mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba watafiti wanakuja kuangalia watoto wanavyoishi kwenye kaya zenye hali ngumu, hakutaja msaada wowote, na mimi Mama katika maneno yote hayo nikasikia moja tu, kwamba watu wa mjini watafika nyumbani kwangu, nikajiambia, Salvatori, fundi mzima, wakukute umekaa kwenye kigoda? Nikaenda kwa jirani yangu Manyanda, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, nikaazima viti, meza, chupa ya chai na redio isiyo na betri, Matilda akavivusha barabara mchana kweupe huku mimi nikiongoza kwa mkono kama askari wa barabarani. Nikavaa koti la mwalimu aliyeliacha kwangu nipunguze mikono, na Joséline nikamvika gauni la ubatizo la mtoto wa katekista, lenye lesi hadi shingoni, mtoto akashindwa kukaa, akasimama wima muda wote kama sanamu ya kanisani.

Akaja dada mmoja mpole, Scola, akaketi, akamgeukia mke wangu.

"Mama, watoto wamekula nini leo asubuhi?"

Nikawahi mimi. "Chai ya maziwa na mkate. Na yai, kwa anayependa."

Matilda akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mgonjwa aliyeanza kuweweseka.

"Mkate mnaupata wapi hapa?" akauliza Scola, kwa mshangao wa kweli, maana alikuwa ameutafuta asubuhi hiyo akaukosa.

"Tunaoka."

"Naomba nione jiko."

"Limekwenda matengenezo."

Alipotoka kwangu akaenda kwa Manyanda, akamkuta na familia yake wamekaa kwenye ngozi, nyumba tupu, na Manyanda alivyo mtu wa staha, alipoulizwa kama hana hata kiti alijibu kwamba yeye amezoea kukaa chini, ili asiniumbue. Alimwambia wazi kwamba ana ng'ombe, wako malishoni, lakini Scola akatabasamu akadhani mzee wa watu anajifariji.

Mavuno yalipokwisha ndipo mradi ukaleta unga wa lishe, blanketi na sare za shule, tukaitwa mkutanoni, Manyanda akatajwa kati ya wa kupewa na mimi sikutajwa, badala yake mtendaji akasema wapo wenzetu wachache wanaojitahidi kama fundi Salvatori, watu wakapiga makofi na vigelegele vya dhihaka, na mimi Mama nikasimama nikawapungia mkono.

Jioni hiyo Manyanda alikuja na unga. "Fundi, hii ni ya watoto wako. Mie maziwa ninayo."

Unadhani nilimjibu nini? "Sisi tumeshiba bwana, kampe mwenye shida."

Matilda alisikia akiwa jikoni. Tangu siku ile tukiwa nyumbani anaongea nami kupitia kwa mtoto, "Dieudonne, mwambie mjomba wako ugali uko tayari," wakati tunatazamana.

Nisingekuandikia kama mambo yangeishia kwenye kuchekwa. Dieudonne amerudishwa kutoka shule kwa kukosa sare, yaani mpwa wa fundi cherehani, na nesi wa zahanati amesema Joséline amepungua sana, akiendelea hivi tumpeleke hospitali Mpanda. Na sasa mtendaji ameniletea habari kwamba Scola atakuja na wakubwa wake kutoka Mpanda na Sumbawanga, niwaeleze jinsi mzazi wa hali ya chini alivyojikwamua, na ameniuliza kama viti vitatosha. Nikisema kweli namwaibisha yule dada mbele ya wakubwa wake, namponza Manyanda, na kijiji kitanicheka hadi nihame. Nikinyamaza, nahutubia juu ya mayai wakati mtoto anakwisha. Matilda, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, ameniambia moja kwa moja, "Safari hii viti utabeba mwenyewe." Nifanye nini?

Salvatori, fundi, Inyonga


MAMA MSHAURI ANAJIBU

Salvatori, nimecheka kwa kuwa umeniruhusu. Nilipofika kwenye habari za Joséline nikaacha.

Nakuelewa zaidi ya unavyodhani. Kuulizwa na mgeni mtoto wako amekula nini, mbele ya mke wako, kunauma, na wanaouliza mara nyingi hawajui kwamba kunauma. Mwambie Scola hilo, litamfaa katika kazi yake. Lakini wewe hukuumia ukanyamaza. Uliumia ukaoka mkate!

Unaogopa kijiji kitacheka. Kijiji gani? Hao waliokaa barabarani wakihesabu viti vya Manyanda vikipita? Walishacheka, wakamaliza, wakarudi shambani. Uliyebaki na aibu hiyo ni wewe peke yako, na unawalisha watoto aibu hiyo badala ya unga.

Unasema unamwonea huruma Scola. Kama unamwonea huruma usingoje wakubwa wake waketi. Mtafute kabla, peke yake, mweleze kila kitu, hata koti. Dada yule alikuja kujua watoto wa huko wanaishije, na kutoka nyumbani kwako ameandika kwamba fundi anayelea yatima anawapa mayai. Kuna mjane mahali fulani atakayenyimwa unga kwa sababu ya yai lako. Na kuhusu Manyanda, eleza kwamba alitaja ng'ombe wake mwenyewe na hakuaminiwa, na kwamba habari ya viti aliificha kwa ajili yako. Usimwache ajitetee wakati mwongo ulikuwa wewe.

Inawezekana mradi ukakwambia umechelewa. Nenda hata hivyo. Kisha panda lori linalopeleka asali mjini uende ofisi ya Ustawi wa Jamii Mpanda, ueleze habari za wapwa zako na za baba yao, maana Katumba si mwisho wa dunia na mtu huyo anaweza kutafutwa. Na kama gazeti hili litakufikia wageni wakiwa wameshakuja na umeshahutubia, yote niliyosema yako palepale, tofauti ni kwamba utakuwa na mengi zaidi ya kufuta.

Leo hii, ukiweka gazeti chini, vuka barabara ukaombe maziwa na unga ule kwa Manyanda. Usimtume Matilda. Kesho asubuhi mrudishe Joséline zahanati, na nesi akisema hospitali, ni hospitali siku hiyo hiyo. Dieudonne mpeleke kwa mwalimu mkuu, mwombe aingie darasani huku ukimshonea sare. Mabaki ya vitambaa fundi hakosi. Sare ya kuungaunga ni sare.

Na Scola akija tena kuuliza watoto wamekula nini, wewe chukua ndoo uende kisimani, Matilda abaki ajibu.