Mahali Rading' Alipolaza Mkuki

Migosi, Kisumu
Alhamisi jioni

Mama mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata wewe. Mkubwa akiniwekea maneno mdomoni, mimi huyasema, hata nikijua si ya kweli. Natamani kukataa, koo linakauka, na nikishtuka nimeshasema, "Ndiyo, Baba Mkubwa."

Sasa nikusalimu. Mguu wako umepona? Bibi yangu Dani bado anakohoa asubuhi? Mwambie mjukuu wake ni mzima, anakula, na shule inaendelea. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii ya Baba Mkubwa huongelewa sebuleni, mbele ya kila mtu. Kesho dereva wa gari la samaki atakuletea.

Shida yangu ni Jumamosi. Unajua Baba Mkubwa anakuja huko na wazee wa ukoo kwa ajili ya ule mlima nyuma ya kanisa. Anataka watu wa kina Mama Atieno waache kuulima. Amenichagua mimi nisimulie maisha ya babu yetu Rading', kwa Kiswahili na Kiingereza, ili chifu na wageni waelewe. Nikamwuliza kwa nini asiseme mwenyewe. Akacheka. "Mimi wazee wamenizoea. Lakini mtoto wa shule akisema, nani atabisha?"

Mwanzo wa hotuba aliyoniandikia sina neno nao. Rading' alikuwa mwana wa ruoth, mtawala wa enzi zile, kwa mke wake wa tatu. Alipewa ngao kabla ya kaka zake. Aliongoza vijana kutoka vilimani hadi ufuoni, wakivamia alfajiri nyasi zikiwa bado na umande, na hata alipopoteza jicho moja alibaki mbele. Hayo Dani pia huyasema. Tatizo ni mwisho. Kwa Baba Mkubwa, Rading' aliwafukuza watu wa mlima wote, akachomeka mkuki juu kabisa, na mlima ukawa wetu milele.

Dani aliniambia tofauti, tukichambua dagaa wa omena uani. Vita vilikuwa vimemaliza vijana wa pande zote mbili. Rading' akaamuru matawi yapangwe kama ua kati ya watu wake na wale, na mikuki ikalazwa juu yake, wake ukiwa wa kwanza. Kisha akamchukua mtoto wake mchanga, akampitisha juu ya ua, na mwanamke wa upande ule akamnyonyesha. Wao nao wakampitisha wa kwao. Baada ya hapo nani angeinua mkono? Mlima ukalimwa na wote. Rading' akazeeka akichunga ng'ombe. Sisi tumetoka kwa yule mtoto wa Rading', Mama.

Na mimi je? Ulipolazwa hospitali baada ya kunizaa, si ni Mama Atieno, wa uzao wa watu wale wa mlima, aliyeninyonyesha? Mihogo yake yote iko kwa ule mlima. Jumamosi atakuwa amekaa pale akinisikiliza.

Jana nilijaribu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Baba Mkubwa, Dani anasema walifanya amani."

"Dani amezeeka."

"Lakini ule ua..."

"Ua wa nini? Jenerali gani anapeana mtoto? Soma hapo kwa mkuki, na usitetemeke kama kifaranga aliyenyeshewa."

Fidel, kitinda mimba wake, akanipigia saluti na mwiko. "Mkuu wa majeshi, umeshiba maziwa?" Wote wakacheka. Hata mimi nikacheka. Halafu nikasoma hapo kwa mkuki.

Sijui nifanye nini. Najua huwezi kumkataza. Tangu Baba afe, yeye ndiye husema na sisi tunaitika. Naomba kitu kimoja tu. Usikae kule kwa hema na wake za wazee. Kaa na Mama Atieno, Dani akae upande wake mwingine, mahali nitawaona. Pengine nikiwaona watatu pamoja koo litafunguka. Lisipofunguka, mnisamehe.

Msalimie Dani, mwambie sijasahau. Msalimie mdogo wangu, aache kupanda juu ya tangi la maji. Mama Atieno msalimie pia, ila usimwambie kwa nini unakaa naye.

Ni mimi binti yako,
Awino

Nasikia viatu vya Baba Mkubwa, anakuja kunisikiliza tena. Nailaza karatasi hii chini ya hotuba yake.