Neno la Kwanza Katika Daftari Letu

Naliaka wangu wa kitanda cha juu,

Ujumbe wako kutoka Japani umenifikia. Miezi saba kimya, halafu unaomba nikupigie picha kurasa za daftari letu la Kijapani kwa sababu una mtihani. Hata salamu hukuweka. Nilicheka peke yangu humu chumbani, kisha nikalia, kisha nikalifungua daftari.

Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wako: benkyo, kusoma. Unakumbuka? Msimamizi wetu wa hoteli hapa Doha alikataa kutupa sote mapumziko siku ileile, tukakubaliana kila Jumamosi mmoja aende darasani, kwenye Kijapani cha wanaotafuta kazi ya kuhudumia wazee huko, mwingine asafishe vyumba vya wote wawili. Jioni aliyeenda anamfundisha aliyebaki. Siku hiyo ulirudi umechangamka, hata viatu hukuvua.

"Beste, kumbe hili neno ni la Wachina!"

Ukanieleza kama mwalimu alivyokueleza. Herufi ya kwanza ni bidii, ya pili ni nguvu, na Wachina wa zamani walilitumia kwa mtu anayejikaza. Wajapani wakalichukua. Wenye maduka wakalisema walipojikaza kumpunguzia mteja bei, na baadaye likawa neno la kusoma.

Kesho yake tulimwonyesha Mei, yule Mchina wa chumba cha kufulia. Alizisoma herufi zilezile kwa namna yao, mianqiang, akatabasamu. Kwao siku hizi, alisema, ni kufanya jambo shingo upande. Akatuuliza kama na sisi tunasoma hivyo.

"Sisi? Sisi tunasoma na roho yote," ulimjibu, umenishika bega. Nilikuamini.

Ndiyo maana sikuuliza chochote ile Jumamosi iliyokuwa yangu, uliponiambia, "Nibadilishie leo tu, mamaa. Mambo ya kuhudumia wazee hayajaniingia." Nilikupigia pasi blauzi nyeupe. Nikatandika vitanda vyako na vyangu mpaka mgongo ukawaka moto. Kumbe ulikuwa kwenye mahojiano ya kazi, mahojiano yetu, yaliyoletwa mapema kwa wiki moja nawe ukanificha. Walipouliza niko wapi, ukasema nimeghairi, narudi nyumbani kuolewa.

Unajua nilivyojua? Jumamosi iliyofuata mwalimu alinishika mikono yote miwili akanipongeza kwa harusi.

Nilipokukabili hukukana. "Nafasi ilikuwa moja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Ningekwambia, Naliaka. Tungeenda wote wawili, wakachague wao. Kushindwa na wewe ningevumilia, tena ningekusindikiza uwanja wa ndege nikikubebea sanduku. Uliniumiza kwa sababu ulitumia zamu yangu, pasi yangu na mgongo wangu kuniacha.

Kitandani kwako sasa analala dada mmoja wa Uganda, mpole kabisa. Juzi aliniuliza ninasoma nini kila jioni. Nikamwambia ni hesabu za kanisa. Huo uongo ni wewe uliyenifundisha, na ninauonea aibu.

Basi, mtihani wako. Kurasa zote zenye mwandiko wako nimezipiga picha. Tazama simu yako. Zenye mwandiko wangu, za zile Jumamosi nilizokwenda mimi, zinabaki hapa chini ya mto. Mwalimu aliniombea nafasi nyingine. Mahojiano ni Jumatatu, na blauzi niliyopiga pasi leo ni yangu.

Mwenzako wa kitanda cha chini, asiyeolewa,
Al Thumama, Doha