Walivyowavisha Beji Marafiki

Engutoto, Arusha

Dada Skola mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na hii kazi ya kuchuma kahawa? Najua utasema haliumi, na najua utakuwa unanidanganya. Huku mimi ni mzima wa mwili. Baridi imetushika kweli, Mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima. Ila kilichonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu ni hasira. Kwenye simu ningegomba, na wewe hujanikosea.

Nilikusimulia habari za wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Shule ya msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, wakifika kwetu hesabu ni Kiingereza. Wanakaa darasani kama wageni msibani. Mmoja wao, Kaanaeli, binti wa huko mlimani anayeishi na shangazi yake hapa Engutoto, alikuwa hajafungua mdomo tangu afike. Nikajaribu kitu: kila mtoto nikampa rafiki wa kidato cha tatu, wakae pamoja wakisubiri makande ya mchana, mkubwa amweleweshe mdogo. Kaanaeli akampata Joyce, Mmeru mwenzake. Dada, Joyce alimfundisha yule mtoto milinganyo kwa Kimeru! Mimi nikipita najifanya sisikii, maana sheria ya shule ni Kiingereza tu. Siku Kaanaeli aliponyoosha mkono darasani, nilifurahi mpaka nikasahau nilichokuwa naandika ubaoni.

Alama zikapanda, Mkuu wa shule akafurahi. Laiti angeishia kufurahi! Alisimama paredi akawaita mbele wale marafiki wakubwa, akawavisha beji, akawatangaza kuwa viranja wa lugha. Kazi yao ni kumtaja kila anayeongea Kiswahili au kilugha. Nilimfuata ofisini nikamwambia anachokikataza ndicho kilichowasaidia.

"Mwalimu Beno," akasema, "vijana wanaigana. Wakubwa wakiwa na nidhamu, wadogo watafuata. Si ndiyo wazo lako?"

Nikatoka ofisini. Lilikuwa wazo langu kweli, yeye kaligeuza fimbo.

Wiki hiyohiyo Kaanaeli akamwendea Joyce na swali lake, kwa Kimeru kama walivyozoea. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama karibu. Joyce akaogopa, akamtaja. Kesho yake Kaanaeli alisimamishwa paredi na kibao cha waliokutwa wakiongea kilugha kimening'inia shingoni, shule nzima inamcheka. Tangu siku hiyo hajarudi.

Joyce alinijia analia, beji kifuani. "Mwalimu, ningefanyaje? Mwalimu wa zamu alikuwa ananiangalia." Nilimwambia si kosa lake. Nilimaanisha, lakini maneno yalitoka makavu.

Jana nikaenda kwa shangazi yake Kaanaeli. Mama wa watu alinikaribisha chai, wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Hata kuchapwa angevumilia, Mwalimu," akaniambia. "Ila anasema aliyemtaja ni Joyce. Sasa hesabu atamwuliza nani?"

Binti mwenyewe alikuwa uani anaosha vyombo. Nikamsalimia kwa Kiswahili, nikamwambia nafasi yake darasani ipo na mimi mwenyewe nitamsaidia. Akasimama wima, mikono nyuma, akanijibu, "Thank you, sir." Halafu akachuchumaa tena kwenye masufuria yake. Shangazi anasema mwisho wa mwezi atamrudisha mlimani kwa wazazi.

Na Mkuu sasa anasifiwa kwenye vikao vya wazazi kwa kuwatumia wanafunzi kuwalea wenzao. Mimi nakaa nyuma, napiga makofi kama wengine.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo mwambie dawa yake nitamtumia. Na Frida wetu, najua anahesabu siku aingie kidato cha kwanza mwakani. Mwambie mjomba anasema atafute rafiki mmoja wa kumwuliza asichokielewa. Akishampata, wakae mahali ambapo walimu hatuwaoni.

Ni mimi mdogo wako,
Beno