Tundu Katika Amri ya Rais

Mdogo wangu mpenzi,

Kuna jambo nimekuficha tangu mumeo aliporudishwa kazini, na safari hii siliahirishi. Kwanza salamu. Goti lako linaendeleaje? Mimi napumua, ingawa kutoka kitandani hadi dirishani sasa ni safari ya kujiandaa, na muuguzi hunigombeza kama mtoto kila nikishika kalamu.

Nimepata habari kwamba binti yako anaapishwa kuwa jaji. Hongera, mama jaji! Lakini umesema pia kwamba kwenye hotuba yake atasimulia jinsi mjomba wake alivyomtegea Rais, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Unakumbuka Rais alivyomfukuza mumeo jukwaani, mbele ya umati, kwa sababu mabomba ya mji yalikuwa makavu. Kesho yake nikaagizwa niandike amri yenyewe. Sheria ilimruhusu Rais kumwachisha kazi mhandisi mkuu, ila kwanza mhusika aelezwe kosa lake na asikilizwe. Amri yangu ilitoka bila hatua hiyo. Mahakama ikaitengua, majaji wakasema uwezo huo Rais kapewa na sheria, basi hawezi kuyaruka masharti ya sheria hiyohiyo.

Siku ile mumeo alinikumbatia sebuleni kwenu. Akasema mwanasheria wa serikali mwenye akili zangu hawezi kukosea jambo la mwaka wa kwanza chuoni, lazima niliacha tundu makusudi ili yeye apite. Wewe ukanipakulia mara mbili, ukasema kumbe kaka yako ana meno. Nikacheka, nikala. Marehemu ameondoka akiamini hivyo.

Sikuacha tundu lolote kwa ajili yake. Wala sikusahau. Mwenzangu ofisini, yule tuliyemwita Koma kwa ubishi wake juu ya alama za uandishi, aliniuliza kama mhandisi amesikilizwa. Nikamjibu kwamba Rais ameshasema. Akacheka, akasema hata mwizi wa kuku huulizwa kama ana la kusema. Akaandika barua ya kumwita mumeo ajieleze, akaniwekea mezani niisaini. Nilijua yuko sahihi. Lakini ofisi nzima ilijua mhandisi ni shemeji yangu, na walikuwa wameanza kunitupia macho, waone nitambeba vipi.

Mwambie mwanetu asinitaje. Akitaka mtu wa kumsifu, amsifu Koma. Nisalimie wajukuu wote, na yule mtundu mwambie babu bado anamdai mchezo wa bao. Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, sitakulaumu, hasa ukishamaliza kusoma.

Barua ya Koma niliichana. Angekuwa mtu baki ningeisaini, kama nilivyowasainia wengine wote. Kwa mumeo nilitaka amri itoke bila yeye kusikilizwa, ili nisionekane namlinda ndugu.

Ni mimi,
Kaka yako