Vijidudu Vinavyotaka Kunde

Mtambile, Jumanne

Alhamdulillahi, utumbo wangu haukatwi! Tangu alfajiri nilikuwa nikiliogopa hilo tu.

Daktari kanipitisha kamera tena, kasema vidonda vya utumbo mpana vimeanza kufunga. Akanieleza kwamba tumboni mna vijidudu vizuri. Vikila nyuzinyuzi za kunde na majimbi, hutoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo na kuutuliza uvimbe. Vyangu vimepungua.

"Dawa usiache," akasema. "Lakini na vijidudu navyo uvilishe, kidogo kidogo."

Mama mkwe wangu, Bi Asha, tulikuwa naye, na njia nzima ya kurudi alinikera. Miezi yote hii kanilisha uji mweupe mtupu, na kwake yeye mdudu wa tumboni ni wa kutolewa.

"Mwanangu, daktari gani huyo akwambiaye ufuge wadudu?"

"Si minyoo, mama. Hawa wananitibu."

Akaguna.

Naogopa bado. Daktari hakunificha: ugonjwa huu hutulia, lakini huweza kurudi. Nikikumbuka ile damu niliyokuwa nikiitoa chooni...

Basi. Jioni nilipika kunde laini za nazi, nikala kijiko kimoja, nikangoja tumbo linikate. Halikunikata. Bi Asha alikaa ubavuni mwangu, ananitazama usoni hata chakula chake kikapoa.

"Wamekula?" akauliza.

"Wamekula, mama."

Akachota kijiko kingine, akanitilia. "Waongeze. Wasije wakasema kwa Bi Asha wamelala na njaa."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na kwa mara ya kwanza mwaka huu sikulishika kwa maumivu.