Kengele ya Birika la Mvua

Koyama, Jumanne, kaskazi inaisha

Kaka Omari,

Mungu akurehemu. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa kwetu sina mwingine wa kumweleza mambo ya chipu.

Tangu tukuzike, kengele yako iliharibika. Uliitengeneza ilie birika la mvua likijaa na maji yakigusa zile waya mbili za juu, ili tuwahi kuuhamisha mfereji wa paa kabla maji hayajamwagika. Sasa ikawa inalia kila asubuhi jua likipanda, na ndoo yetu inakwaruza sakafu ya birika. Mama akiisikia huacha kila kitu akaenda kukaa pale. "Omari ananiita," alisema. Akanikataza kuigusa.

Nikatafuta hitilafu kimyakimya kwa njia uliyonifunza: gusa kitu kimoja, ngoja, andika. Nilibadilisha betri. Nikaisoma programu yako mstari kwa mstari. Ilikuwa sawa, na nililia juu yake. Nikazichomoa waya za birikani. Bado ililia. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya kisanduku cha chipu.

Ulikiziba kwa pamba na mafuta ya papa, kama Baba anavyoziba mbao za mashua. Ulijisifu: "Hiki hata kikizama kitalia." Kaka, bahari haikuingia, lakini unyevu wa ndani ulikosa pa kutokea. Jua likikipasha, jasho hudondokea miguu ya chipu, nayo hudhani ni maji ya birika.

Nilijua, nikanyamaza. Kukifungua ni kuikata pamba yenye alama za vidole vyako. Na Mama je?

Alhamisi iliyopita jirani yetu Bi Fatuma aliisikia, akadhani birika letu limejaa, akafulia maji yake ya mwisho, akaja kwetu na ndoo. Mama akamwonyesha birika kavu. Alipoondoka, Mama mwenyewe aliniletea kisu.

"Fungua. Mchu wangu, mwanangu Omari, hakuwa mwongo."

Nimekikausha kisanduku, nimekitoboa tundu upande wa chini. Kipande cha pamba chenye alama ya kidole gumba chako nimekiweka pamoja na kanzu yako. Sasa asubuhi ni kimya. Mama bado huinua kichwa saa ile ile. Hilo sijui kulitengeneza.

Pumzika, kaka yangu. Masika i karibu. Siku kengele itakapolia kwa kweli, naahidi sitakimbilia mfereji. Maji na yamwagike uani, Mama aisikize kengele mpaka atosheke.

Dada yako,
Mwanamkuu